Baiskeli nyekundu, ada ya mdogo wangu na mwaka mmoja wa Chiang Mai

Najua nimepotea, msinitukane. Wiki za testi zimenikaba, na mimi nimekuwa mtu wa maktaba, chumbani, maktaba, chumbani. Leo nimepata upenyo, na nina deni la maelezo. Wiki hii peke yake watu watatu wamenisimamisha hapa Mlimani kuniuliza ile baiskeli nyekundu yenye stika ya maandishi ya ajabu ajabu nimeitoa wapi. Mmoja akauliza kama ni Kiamhari. Hapana, ni Kithai. Jibu fupi ni kwamba niliinunua Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, Oktoba 2018, nilipokuwa nafundisha Kiingereza huko. Jibu refu ndo hili hapa, na sehemu yake sijawahi kumsimulia mtu.

Tuanzie Shinyanga. Aliyewahi kufika kwetu anajua kuwa baiskeli pale si mchezo wa watoto wala mazoezi ya watu wenye vitambi. Ni usafiri. Inabeba mgonjwa, inabeba mkaa, inabeba bibi harusi. Mzee wangu alikuwa fundi baiskeli, kijiwe chake kilikuwa chini ya mwarobaini, beseni la maji la kutafutia pancha mbele yake na kopo la solusheni mfukoni. Mimi nilijua kunyoosha rimu kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Alifariki 2014, nikiwa mwaka wa kwanza. Tangu hapo, mimi ndiye kaka mkubwa, na kaka mkubwa mnajua maana yake: ada ya mdogo wako ni ada yako.

Nilimaliza digrii ya ualimu, Kiingereza na jiografia, nikakaa nyumbani nikisubiri ajira kama wenzangu wote wa masomo ya sanaa. Nikasubiri. Nikafundisha tuisheni. Nikasubiri tena. Mshkaji mmoja tuliyesoma naye akaniambia kuna wakala anapeleka walimu Thailand, Waafrika wapo wengi, Wakameruni wamejaa. Nikafanya mtihani wa Kiingereza hapa Dar, manake Mwingereza au Mmarekani haombwi cheti cha kuthibitisha kuwa anajua Kiingereza, lakini sisi wengine tunaombwa. Nikafaulu vizuri tu. Mei 2018 nikatua.

Jambo la kwanza wakala aliloniambia, kabla hata sijanawa uso: "Wazazi wakikuuliza, sema umetoka Marekani." Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Sasa mimi na Marekani wapi na wapi? Siku ya kwanza darasani, watoto 46 wa kama kidato cha kwanza hivi, wananitazama kama televisheni. Mmoja akanyoosha mkono: Teacher anatoka wapi? Nilikuwa na nusu sekunde ya kuamua. Nikachora ramani ya Afrika ubaoni (mbaya, inafanana na kiatu), nikaweka nukta, nikaandika Tanzania, na pembeni nikaandika Kilimanjaro, mita 5,895. Mlima mrefu kuliko yote ya kwao ni Doi Inthanon, mita 2,565. Darasa zima likasema "ooooh". Wakala akanuna wiki mbili, lakini mkuu wa idara, mama mmoja mpole sana, akasema hamna neno.

Mshahara wangu ulikuwa baht 22,000. Mwenzangu wa meza ya pili, kijana kutoka Uingereza aliyesomea mambo ya hoteli, alikuwa anapata 32,000 kwa vipindi vilevile. Alinitajia mwenyewe bila ubaya, akaona haya kuliko mimi. Wafilipino, ambao kusema kweli ndio walikuwa walimu bora kuliko sisi wote pale, walikuwa chini yangu. Ikija siku ya picha za kipeperushi cha shule, mnaweza kukisia nani alisimama katikati na nani alishikilia mabegi.

Lakini darasani nilienjoi, tena ile mbaya. Sikilizeni hii. Siku moja nafundisha kusema saa. Namuonyesha mtoto picha ya saa, ni usiku, mshale uko kwenye nane, yaani kwa Kiingereza saa nane jioni. Ananijibu kwa Kiingereza, "two o'clock". Darasa la yule Mwingereza kila siku walikuwa wanakosea hivyo na yeye alikuwa anashika kichwa. Mimi nikacheka mpaka nikakaa. Mtoto kasema saa mbili usiku! Wathai katika mazungumzo ya kawaida wanahesabu saa za usiku kama sisi: saa moja usiku, mbili, tatu, mpaka tano. Mchana wana mambo yao yanayochanganya kidogo, ila usiku wao ni usiku wetu. Nikawaambia, jamani, kwetu pia ni saa mbili, Waingereza ndio wameamua kuianza siku katikati ya usiku wakati watu wamelala. Kuanzia siku hiyo ikawa mchezo wetu: saa ya kwetu, saa ya Kiingereza. Hawakukosea tena.

Na nyakati za vitenzi je? Kitenzi cha Kithai hakibadiliki. Unaweka neno mbele yake kuonyesha kitakachokuja, au nyuma kuonyesha kilichokwisha, basi. Wanaona Kiingereza kinawatesa bure na go, went, gone. Niliwaandikia ubaoni alikwenda, anakwenda, atakwenda, nikazungushia li, na, ta. Wakaelewa kuwa kila lugha ina mfuko wa kuwekea wakati, wengine mfuko uko mbele, wengine nyuma, Waingereza wameuficha ndani ya shati. Herufi L mwishoni mwa neno inawashinda, inageuka N, kwa hiyo bicycle inakuwa "baisikun". Ningewacheka vipi, mimi ninayeiita baiskeli?

Tukija kwenye baiskeli sasa. Miezi ya mwanzo nilikuwa naendesha ya kikapu, ya mlinzi wa shule, mzee mmoja aliyeniona naikodolea macho akanipa ufunguo. Chiang Mai ni mji wa kuendesha. Mji wa zamani ni mraba uliozungukwa na mfereji wa maji, huwezi kupotea hata ukitaka. Wanaendesha kushoto kama sisi. Daladala zao ni vipikapu vyekundu vyenye mabenchi mawili abiria mnatazamana, yaani chai maharage kabisa, wale wa Dar ya zamani mtanielewa. Kuna barabara ya zamani ya kwenda Lamphun, kilomita kama 25, sehemu ya Saraphi ina miti mirefu imejipanga pande zote mbili mpaka unaona unapita ndani ya kanisa. Saa kumi na mbili jioni kamili wimbo wa taifa unapigwa kwenye vipaza sauti, bustanini watu wote wanasimama, anayekimbia anasimama, na wewe mwenye baiskeli unashuka unashika usukani umenyooka kama askari. Adui ni mmoja tu: mbwa. Mbwa wa vichochoro vya Thailand hawapendi miguu inayozunguka.

Halafu kuna Doi Suthep. Ule mlima uko juu ya mji, unauona kila asubuhi, na hekalu la dhahabu linang'aa huko juu. Barabara ya kupanda ni karibu kilomita 11. Mwanzoni mwake kuna sanamu ya mtawa, Khruba Siwichai, ndiye aliyewaongoza watu wa kujitolea kuijenga, wakaimaliza 1935, chini ya miezi sita, kwa majembe na mikono. Watu wanaweka maua pale kabla ya kupanda. Mimi na baiskeli yangu ya kikapu isiyo na gea tulifika kilomita ya nne, nikashuka, nikakaa kwenye kingo ya barabara nikihema kama mbuzi wa mnada. Babu mmoja wa miaka kama sabini, kavaa nguo za kubana za rangi ya chungwa, akanipita akanipungia mkono. Ile ilinikera. Nikaapa.

Juni hiyohiyo ikatokea habari ambayo hata nyie mtakuwa mnaikumbuka. Jumamosi ya tarehe 23 Juni 2018, vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia kwenye pango la Tham Luang, mkoa wa Chiang Rai, jirani zetu kabisa, mvua ikanyesha, maji yakawafungia ndani. Dunia nzima ilitazama. Lakini kilichonikaa mimi ni picha ya baiskeli zao. Walikwenda pangoni kwa baiskeli baada ya mazoezi, wakaziacha pale mlangoni, na kwenye televisheni kila siku zilionyeshwa. Baiskeli za watoto, zinawasubiri wenyewe. Mtoto wa fundi kama mimi huwezi kuangalia baiskeli isiyo na mwenyewe ukatulia.

Darasani kwangu hakuna aliyetaka kusoma lolote lingine. Tarehe 2 Julai wazamiaji wa Kiingereza wakawakuta wako hai, na kwenye ile video unasikia vijana wanauliza kwa Kiingereza cha kuungaunga leo ni siku gani. Mzamiaji anawajibu ni Jumatatu, wamekaa humo siku kumi. Aliyekuwa anaongea na wazamiaji kwa niaba ya wenzake ni Adul Sam-on, miaka 14, mtoto ambaye wakati huo hakuwa na uraia wa nchi yoyote. Tarehe 6 Julai mzamiaji wa Kithai, Saman Kunan, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa majini, alifia katika kazi ile. Tarehe 10 wakatoka wote. Agosti, Adul na wenzake wawili na kocha wakapewa uraia.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa nyuma, binti, naye wa jamii ya milimani, hajawahi kufungua mdomo kipindi changu. Siku ile baada ya video akanyoosha mkono akauliza, kwa Kiingereza: mwalimu, yeye hana pasi, anajifunza wapi? Nikamjibu kuwa nimesikia alisoma shuleni tu, kama wewe. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata alihamia safu ya tatu.

Basi bwana. Oktoba ikafika, likizo ya kati ya mihula. Na hapa ndo pabaya pangu.

Mdogo wangu alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Awamu ya kwanza ya ada na vifaa, laki nane na kitu, ilitakiwa katikati ya Oktoba. Nilikuwa nimeahidi, tena kwa mbwembwe: "Usiwe na wasiwasi, kaka yako yuko ughaibuni." Hela nilikuwa nayo. Baht 14,000, nimezikusanya kwenye bahasha, karibu shilingi milioni moja ya wakati ule. Jumamosi asubuhi nikatoka kwenda kuzituma. Njiani kuna duka la baiskeli za mitumba kutoka Japani. Nimepita pale miezi mitano bila kuingia. Siku hiyo nikaingia "kuangalia tu".

Ilikuwa nyekundu, ya mlima, gea 24, fremu nyepesi, mwenye duka ameifunga tairi nyembamba za lami. Nikaizungusha gurudumu la nyuma nikasikiliza. Mzee alinifundisha hivyo, sikiliza kwanza, macho yanadanganya. Haikulia hata kidogo. Baht 13,500.

Sitawadanganya kuwa nilifikiria sana. Nilijiambia mshahara unaingia mwisho wa mwezi, wiki mbili tu hizo, chuo gani hakivumilii wiki mbili. Nikampigia mama nikamwambia wamechelewesha mishahara. Mama akasema, pole mwanangu, na huko nako wanachelewesha? Nikasema eeh mama, si unajua. Jioni ile nilipanda Doi Suthep mpaka juu bila kushuka hata mara moja, nikaacha baiskeli chini ya zile ngazi za nyoka, zaidi ya mia tatu, nikapanda na miguu mpaka hekaluni nikautazama mji wote ukiwasha taa. Nilifurahi, jamani. Hiyo ndo inayoniudhi mpaka leo, kwamba nilifurahi kwelikweli.

Nikapiga picha na baiskeli, nikaitundika Facebook.

Mwisho wa Oktoba mshahara ukaingia pungufu, manake wakala alikata "gharama za kibali" ambazo hakuwa amezisema. Nikatuma nusu. Nusu nyingine nikaituma wiki iliyofuata, nikaikopa kwa yule Mwingereza. Mdogo wangu aliripoti chuo amechelewa wiki tatu. Wenzake walishamaliza mada za mwanzo, kitanda cha hosteli kimeshachukuliwa, akapanga chumba mtaani na mama muuza vitumbua. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Yeye aliniandikia ujumbe mmoja tu: Nimefika kaka, asante sana.

Novemba, siku ya mvua za mwisho mwisho, nimekaa chumbani napitia ile picha yangu, naangalia nani na nani wameipenda. Unajua tena ujana. Likes 61. Nateremka majina... nikamkuta. Mdogo wangu. Aliipenda picha siku ileile niliyoitundika, ndani ya saa moja. Yaani alipokuwa nyumbani anasubiri, begi limefungwa, mama anamwambia mishahara imechelewa Thailand, yeye ameshaiona baiskeli. Akabonyeza kidole gumba. Na hakusema chochote, si kwangu, si kwa mama.

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Kisha nikampigia. Nikazunguka zunguka, habari za masomo, habari za chakula. Mwisho nikasema, dada'angu, mshahara haukuchelewa. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Najua kaka. Niliiona. Baiskeli nzuri, Baba angeipenda." Kwa sauti ya kawaida tu. Angenitukana ningeshukuru.

Nilitaka kuiuza. Nikairudisha kwa mwenye duka, akanitajia bei ya kuinunua, baht 7,000, nikaona hapo nitakuwa nimepoteza mara mbili, nikaondoka nayo. Badala yake nikachukua tuisheni za Jumamosi, watoto wa wenye maduka, saa sita kwa siku, baht 300 kwa saa. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuendesha. Kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Machi niliendesha saa kumi na moja alfajiri kabla ya kazi, taa kichwani, mbwa nyuma, narudi saa moja naoga naenda shule. Nilipungua kilo sita. Ada ya awamu ya pili niliituma mwezi mmoja kabla ya muda. Mama akasema, naona sasa wanalipa vizuri.

Doi Inthanon nilijaribu Januari, siku ya mapumziko. Kutoka Chom Thong ni kilomita kama 48 za kupanda, na sehemu mbaya kuliko zote wameiweka karibu na mwisho, kama mtunga mtihani mwenye roho mbaya. Nilishuka nikaikokota. Huko juu kuna baridi mpaka Wathai wanakuja kupiga picha umande ulioganda kwenye nyasi. Mimi wa Shinyanga nilijifunga taulo shingoni.

Februari moshi ukaanza. Kila mwaka kaskazini mwa Thailand kuna msimu wa kuchoma mashamba na misitu, na Machi 2019 Chiang Mai ilishika namba moja duniani kwa hewa chafu siku kadhaa. Doi Suthep ulipotea. Mlima mzima, uko hapo kilomita chache, huuoni! Watoto wakavaa barakoa, macho mekundu. Niliendesha mara moja na barakoa nikakohoa wiki nzima, nikaitundika baiskeli ukutani. Na mkataba ukaisha mwezi huohuo. Mama wa idara aliniita ofisini, akaongea akitazama meza: baadhi ya wazazi wanaomba "mwalimu mwenye Kiingereza cha asili". Nikamwambia nimeelewa. Yule binti wa safu ya tatu alinipa stika, ndo ile mnayoiona kwenye fremu. Ni jina lake, kaliandika mwenyewe kwa kalamu ya rangi akalifunika plastiki. Nilimuuliza kwa nini jina lake na si langu. Akanijibu kwa Kiingereza safi kabisa: ili usinisahau. Kitenzi chake kilikuwa sawasawa.

Basi, baiskeli ikaingia kwenye boksi, ikapanda ndege, nikalipia mzigo wa ziada kwa uchungu. Imenizungusha Dar hii tangu wakati huo, imenipandisha Mlimani kila siku ya huu uzamili wangu, na nyie mmeizoea.

Msishangae basi wiki ijayo mkiniona natembea kwa miguu. Mdogo wangu ni muuguzi siku hizi, zahanati ya kijijini huko kwetu, kutoka alikopanga mpaka kazini ni kilomita saba za vumbi, na pikipiki zinammaliza mshahara. Hakuiomba. Aliniuliza tu kwenye simu, "Hivi ile nyekundu bado ipo?" Jana nimeivua zile tairi nyembamba nimeirudishia nene zenye meno, nimebadilisha cheni na nyaya za breki, keria nimeifunga nyuma. Siti nimeishusha vidole vinne, yeye ni mfupi kuliko mimi. Alhamisi naipakia basi la Shinyanga. Konda anataka elfu thelathini, bado tunabishana.